Soga ya Hadharani katika Old School RuneScape: Tathmini ya Mchezaji wa Simu

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikicheza Old School RuneScape kwenye simu yangu hapa Tanga, mara nyingi usiku baada ya chakula, na wenzangu hawajaacha kuniuliza ni kitu gani kinachonishika katika mchezo wenye picha za kizamani kiasi hicho, ambamo mtu anaweza kukata miti kwa nusu saa nzima bila tukio lolote kubwa. Jibu langu halijabadilika: ni maneno ya watu waliosimama karibu na mti ule. Kwa hiyo tathmini hii haitagusa silaha, wala majoka, wala ubora wa picha. Nataka kukichunguza kisanduku cha maandishi kilichoko pembeni mwa skrini, yaani soga ya hadharani, na namna kinavyojenga ujirani baina ya watu ambao pengine hawatakutana ana kwa ana maisha yao yote, na pia pale kinaposhindwa kuujenga.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe kwa msomaji asiyeujua. RuneScape ulianza mwaka 2001, na kampuni inayouendesha, Jagex, iko Cambridge, Uingereza. Mchezo ulibadilishwa mara nyingi kadiri miaka ilivyopita, hata wachezaji wengi wa zamani wakalalamika kwamba hawautambui tena. Mwaka 2013 kampuni iliwauliza kwa kura kama wangependa kurudishiwa mchezo kama ulivyokuwa mwezi Agosti 2007, kwa kuwa nakala ya wakati huo ilikuwa bado imehifadhiwa. Zilipigwa kura zaidi ya 400,000, na Old School RuneScape ukafunguliwa tarehe 22 Februari mwaka huohuo. Tarehe 30 Oktoba 2018 uliingia kwenye simu, na hapo ndipo watu wa huku kwetu, ambao wengi wetu hatuna kompyuta ya kuchezea nyumbani, tulipopata nafasi ya kweli. Simu haikutengewa mchezo wake mdogo wa pembeni; anayecheza kwenye simu Tanga na anayecheza kwenye kompyuta London wanasimama katika uwanja mmoja na kusomana maneno yao. Aidha, mchezo huu huhesabu matendo yote kwa vipindi vya sekunde 0.6, mwendo ambao ni wa taratibu mno ukilinganishwa na michezo ya kupigana risasi. Kwa mtu ambaye intaneti yake inasafiri hadi seva zilizoko Ulaya au Marekani na kurudi, utaratibu huo ni neema, kwa sababu kuchelewa kidogo hakumnyimi nafasi ya kushiriki wala ya kujibu mtu kwa wakati.

Soga ya hadharani yenyewe ni rahisi kueleza. Unapoandika sentensi na kuituma, maneno yako hutokea kwa herufi za manjano juu ya kichwa cha mhusika wako, yakakaa hapo kwa sekunde chache, na wakati huohuo huandikwa pamoja na jina lako ndani ya kisanduku. Wanaoyaona ni wale tu walioko karibu nawe, takriban katika eneo ambalo jicho linaweza kulifikia kwenye skrini. Ukiondoka hapo ukaenda mji mwingine, unaacha mazungumzo yale nyuma na kuyakuta mengine. Mchezo huu hauna chaneli ya hadhara inayofika kwa kila mtu duniani. Vipo vikundi vya marafiki na vya koo za wachezaji, ambavyo huwaunganisha watu popote walipo, lakini hivyo ni vyumba vya wanaojuana, na mgeni hawezi kuvisikia mpaka ajiunge.

Kwa maoni yangu, uamuzi huu wa kuifungamanisha sauti na mahali ndio uamuzi bora kuliko yote katika mchezo mzima, na nadhani wachezaji wengi wanaufaidi bila kuutambua. Mtu anayezungumza kwenye baraza la nyumba anajua nani anamsikia. Anawaona waliokaa, anamwona anayepita, na anapima maneno yake kulingana na hao. Mtu aliyepewa kipaza sauti kinachosikika mji mzima hamwoni yeyote, na haichukui muda kabla hajaanza kusema mambo ambayo asingeyasema mbele ya uso wa mtu. Katika Old School RuneScape, mwenye kusema ana mwili: amesimama mahali fulani, amevaa nguo fulani, anafanya kazi fulani, na jina lake liko pamoja na neno lake. Akitukana, wote wanaona ni yule mwenye kofia ya bluu aliyeko ukingoni mwa mto. Akisaidia, wanamwona vilevile, na kesho wakimkuta palepale wanamsalimu.

Nimeona kinyume chake. Kabla ya mchezo huu nilicheza mwingine wa simu, ambao sitautaja jina, uliokuwa na chaneli moja ya dunia iliyopita daima chini ya skrini. Maelfu ya watu waliandika humo kwa wakati mmoja. Ukiuliza swali, lilisukumwa juu na kupotea kabla hata hujamaliza kuliangalia, na yaliyokuwa yakionekana kwa wingi yalikuwa matangazo ya kuuza akaunti, watu kutukaniana mataifa yao, na maneno ambayo sikutaka mwanangu ayasome akiwa amekaa karibu yangu. Nilicheza kwa miezi minne na sikukumbuka jina la mtu hata mmoja. Chaneli ile ilikuwa ya hadhara kwa maana ya kwamba kila mtu aliingia, lakini haikuwa na jumuiya, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumkuta mtu yuleyule mara mbili.

Suala hilo la kukutana mara ya pili lina uzito mkubwa. Old School RuneScape imegawanywa katika dunia nyingi zinazofanana, kila moja ikichukua wachezaji hadi 2,000, na mchezaji huchagua aingie ipi. Katika orodha ya dunia hizo, baadhi zimeandikwa shughuli inayofanyika humo: hii ya biashara, ile ya karamu za nyumbani, nyingine ya Wintertodt, shughuli nitakayoieleza hapa chini. Maandishi hayo mafupi yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Yanawaelekeza watu wenye nia moja mahali pamoja, na kwa kuwa kila mtu ana mazoea yake ya saa na ya dunia, sura hurudi. Mchezaji anayeingia saa tatu usiku kwa saa zetu katika dunia ileile ataanza kutambua majina ndani ya wiki moja.

Mahali ninapopapenda kuliko pote kwa soga ni hapo Wintertodt, na naomba nipaeleze kwa urefu, kwa sababu panaonyesha vizuri ni nini kinachofanya chaneli ya hadhara iwe hai. Ni shughuli ya wanaolipia uanachama, iliyoletwa mwaka 2016, katika eneo la barafu kaskazini mwa mchezo. Wachezaji kwa makumi hukusanyika dhidi ya kimbunga cha baridi; wanakata mizizi, wanaichonga, wanaitia katika majiko makubwa ya moto, na baridi huwauma mpaka wale chakula. Kazi hiyo haihitaji fikra nyingi. Mikono inashughulika, akili iko huru. Kisha, kimbunga kikishindwa, huja kipindi kifupi cha kungoja kabla hakijarudi, na katika muda huo watu wote wamesimama bila kazi, mabega kwa mabega. Hapo ndipo mazungumzo huwaka. Mtu anasema amefikia ngazi ya 99 ya uwashaji moto, na kutoka pande zote zinatokea herufi mbili za manjano, «gz», ambazo wachezaji hutumia kutoa pongezi. Mwingine anauliza ni chakula gani cha kubeba, na anajibiwa na watu watatu wasiomjua. Mwingine anasema kwao kumekucha na anakwenda kazini.

Usiku mmoja wa mwaka jana, wakati wa kungoja kama huo, niliandika kwa Kiswahili bila kumkusudia yeyote: «Poleni na baridi.» Sikutazamia jibu. Mhusika aliyekuwa upande wa pili wa jiko akaandika: «Tushapoa. Tia kuni.» Nilisimama kidogo nikidhani nimesoma vibaya. Tulipoendelea nikaambiwa kwamba ni kijana wa miaka kumi na tisa aliyeko Muscat, aliyelelewa na bibi yake mzaliwa wa Pemba, na kwamba Kiswahili alikipata kwa bibi huyo na si shuleni. Alipojua kwamba mimi ni mwalimu mwenye watoto watatu, herufi zake za manjano ziligeuka ghafla zikawa: «Shikamoo mjomba, samahani nilikuamrisha kuni.» Nikaandika marahaba. Wachezaji wengine walianza kuuliza hiyo ni lugha gani, na kijana yule akawafundisha kusema «poa», kiasi kwamba raundi iliyofuata nusu ya watu kuzunguka jiko walikuwa wakiandikiana neno hilo. Hatukukubaliana kukutana tena, lakini tumekutana mara nyingi, kwa sababu dunia ni ileile na saa ni zilezile. Hakuna kikundi cha siri ambacho kingeweza kutukutanisha, maana hakuna kati yetu aliyejua kwamba mwenzake yupo. Ilihitajika sauti ya wazi, isikike na wa karibu.

Upande wa soko habari ni tofauti, na hapa tathmini yangu inakuwa nzito kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya RuneScape hapakuwa na mahali maalumu pa kuuzia bidhaa. Aliyetaka kuuza samaki au upanga alikwenda mbele ya benki za Varrock au Falador, miji ya ndani ya mchezo, akapiga kelele kwa maandishi, tena na tena, mpaka apate mnunuzi, na wawili hao wakabishana bei. Ulikuwa mnada halisi. Mwaka 2007, mwezi Novemba, iliwekwa Grand Exchange, soko ambalo unaacha bidhaa na bei yako, na mfumo unakutafutia mtu wa kuinunua bila nyinyi wawili kuonana. Kwa kuwa Old School ulitokana na nakala ya Agosti 2007, ulizaliwa bila soko hilo, na wachezaji wakarudi kwenye kunadi kwa sauti kama zamani. Mwaka 2015 Grand Exchange ikaingizwa humo pia, baada ya wachezaji wenyewe kuipigia kura.

Ukienda leo katika uwanja wa Grand Exchange, kaskazini-magharibi mwa mji wa Varrock, utakuta umati mkubwa kuliko popote pengine, na ndipo utakapopata mazungumzo machache yenye maana. Wengi wamesimama kimya wakitazama bei. Wanaosema kwa wingi ni wale wanaorudiarudia tangazo moja, baadhi yao wakiwa roboti, kwa herufi za rangi zinazometa na kupinda kama mawimbi, na miongoni mwao wapo matapeli wa kale wanaoahidi kwamba ukiwapa fedha watakurudishia maradufu. Mgeni anayeingia mchezoni kwa mara ya kwanza hupelekwa na haja zake hadi hapo, na ninaogopa kwamba wengi huichukua kelele hiyo kuwa ndiyo sura ya jamii nzima, wakaizima soga siku ya kwanza.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba soko lilikuwa kosa. Mimi ninafanya kazi mchana kutwa, nina saa moja na nusu ya kucheza, na sina nafasi ya kusimama nikinadi kamba na samaki kwa dakika arobaini. Waliopiga kura walijua wanachotafuta. Ninachosema ni kwamba chaneli ya hadhara huishi kwa haja. Watu walizungumza mbele ya benki kwa sababu walihitajiana. Haja ilipohamishiwa kwenye mfumo, chaneli ilibaki wazi lakini wenye jambo la kusema waliondoka, na nafasi yao ikachukuliwa na wenye kutaka kunasa wengine. World of Warcraft, mchezo mwingine wa mtandaoni wa watu wengi, iliyapitia hayohayo kwa njia yake. Kwa miaka mitano ya kwanza, mchezaji aliyetaka wenzake wa kuingia nao pangoni alilazimika kuandika katika chaneli za hadhara, kungoja, kujieleza, kisha kutembea hadi mlangoni. Desemba 2009 uliletwa mfumo wa kuwakusanya watu watano bila wao kutafutana, hata kutoka seva tofauti, na kuwapeleka moja kwa moja. Muda uliokolewa ni mwingi. Lakini toleo la Classic, linalorudisha mchezo huo kama ulivyokuwa mwanzoni, lilipofunguliwa mwezi Agosti 2019 bila mfumo huo, chaneli ya kutafutana ikawa tena njia kuu ya kupata kikundi, na mtu mwenye tabia mbaya akajulikana kwa jina katika seva yake.

Waendeshaji wa Old School wanaonekana kuielewa hali hii, ijapokuwa hawakuitatua yote. Mfano mzuri ni ukataji miti. Zamani mti ulipoanguka, wote waliokuwa wakiukata walipoteza, kwa hiyo jirani alikuwa mshindani, na aliyefika pili alitazamwa kwa jicho baya. Mwaka 2023 kazi hiyo ilibadilishwa, ikawa wanaokata mti mmoja kwa pamoja wanapata nafuu badala ya hasara. Tofauti ilionekana haraka katika soga. Palipokuwa na ukimya wa watu wanaonyang'anyana, sasa pana watu wanaokaribishana: «njoo huku, tuko sita.» Hakuna aliyewaamuru wazungumze. Walipewa sababu ya kusimama pamoja, na maneno yakafuata.

Kuhusu ulinzi dhidi ya matusi, mchezo unampa mtumiaji mamlaka makubwa juu ya masikio yake mwenyewe. Soga ya hadharani inaweza kuachwa wazi kwa wote, kufunguliwa kwa marafiki tu, kuzimwa kabisa, au kuondolewa katika kisanduku huku maneno yakiendelea kuonekana juu ya vichwa. Upo mchujo wa maneno machafu, ipo orodha ya watu usiotaka kuwasikia, kipo kitufe cha kushtaki, na wapo wachezaji wa kujitolea wenye taji dogo la fedha kando ya jina, ambao kuwapo kwao tu mara nyingi hutuliza ugomvi. Mchujo hauwezi kuelewa kejeli wala chuki iliyofichwa katika maneno safi, na hakuna mchujo unaoweza. Kazi hiyo ni ya binadamu. Lakini napendelea njia hii kuliko ile ya kampuni kumfungia kila mtu mlango. Riot Games, wenye League of Legends, waliamua mwezi Oktoba 2021 kuzima soga baina ya timu pinzani kwa sababu ya wingi wa matusi. Kwa mchezo wa ushindani wa nusu saa, baina ya watu ambao huenda wasikutane tena, naelewa kwa nini walifika hapo. Palipo na ujirani wa kudumu, kuifunga soga kungekuwa kuwaadhibu wengi walio wema kwa ajili ya wachache, na swichi ikae mkononi mwa mchezaji.

Tishio ninaloliona zaidi kwa sasa ni la mazungumzo kuhamia vyumbani. Koo za wachezaji, ambazo mwaka 2021 zilipewa mfumo mpya na chaneli yake ndani ya mchezo, ni jambo jema, na pembeni yake wengi wana vyumba vya Discord, programu ya mazungumzo iliyo nje ya mchezo, ambamo huzungumza kwa sauti. Wakati mwingine unafika mahali penye watu ishirini na hakuna neno juu ya kichwa cha yeyote, ilhali unajua kwamba karibu wote wanacheka na watu wengine mahali pengine. Siwalaumu, maana nami nina ukoo wangu. Ila nimejiwekea desturi: nikifika mahali nasalimu kwanza hadharani, hata kama hakuna atakayejibu, kwa kuwa wanachama wote wa ukoo wetu walipatikana kwa njia hiyo, na sijui watakaokuja baadaye watatoka wapi kama sote tutanyamaza nje na kuzungumza ndani.

Kwa anayetaka kujaribu, sehemu ya bure inatosha kabisa kuonja ninachokieleza, na maandishi hayali bando kwa kiasi cha kuogofya. Kuandika kwenye simu kuna taabu yake, kwa sababu kibodi hufunika sehemu kubwa ya skrini, kwa hiyo ni vyema kuchagua shughuli isiyo na hatari. Ningemshauri mgeni asikae Grand Exchange zaidi ya muda wa kununua anachohitaji. Atoke nje ya Varrock, aelekee magharibi hadi mtoni katika kijiji cha Barbarian Village, ambako wavuvi wa sehemu ya bure huja kutafuta samaki. Awashe mchujo, aiache soga ya hadharani wazi kwa wote, na mtu wa kwanza atakayepanda ngazi mbele yake, fataki zikilipuka juu ya kichwa chake, amwandikie pongezi.